Bamba la Gaspard Loubière

Huko La Rochelle kulikuwa na mtengeneza mishumaa mwenye watoto watatu wa kiume, na kila alipowaita mezani alisema, "Aubin! Thibault! Na wewe," huku akimwonyesha kidole yule wa tatu. Huyo wa kidole ndiye Gaspard Loubière. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, na baba aliyebaki hakuwa na nafasi ya jina la tatu kichwani, kichwa chenyewe kimejaa nta. Basi Gaspard alipoota ndevu aliapa kwamba jina lake litaandikwa kwenye ramani ya dunia kwa herufi kubwa, mzee alisome atake asitake.

Zama hizo kila Mfaransa asiye na kazi alijua kwamba nyuma ya misitu ya Kanada kuna bahari ya chumvi, na ng'ambo ya bahari hiyo kuna China. Hakuna aliyekuwa ameiona, ndiyo maana wote walikuwa na hakika nayo. Gaspard akaenda kwa mchongaji, akachongewa bamba la shaba lenye mayungiyungi matatu, maua ya nembo ya mfalme, na chini yake: BAHARI HII IMEGUNDULIWA NA GASPARD LOUBIÈRE. Jina la mfalme nalo lilikuwepo, ila ulipaswa kulitafuta. Alinunua pia viatu vya visigino vyekundu, maana hakutaka Wachina wamwone mshamba.

Viatu hivyo ndivyo watoto wa Wawendati, wenyeji wa misitu ya Kanada, walivyoviona kwanza aliposhuka mtumbwini. Wafaransa waliwaita watu hawa Wahuroni, yaani wenye nywele za nguruwe, lakini siku hiyo nguruwe hakuwa upande wao. Gaspard alinuka. Tangu Kebeki hadi pale hakuwa amegusa maji wala kasia, kwa kuwa, alisema, kazi ya mgunduzi ni kutazama. Kazi nyingine zote zilimwangukia mkalimani wake, Toussaint Brichet, Mfaransa aliyekuwa ameishi na Wawendati majira mengi ya baridi hata kiti kikawa kinamshinda kukalia.

"Waambie nataka mtumbwi na wapiga kasia," Gaspard alisema. "Naelekea magharibi, kwenye maji makubwa."

Toussaint aliongea na wazee, wakaongea naye, wakavuta tumbaku, wakaongea tena. Akarudi anajikuna.

"Maji yapo, wanayajua vizuri. Ila njia ina mwenyewe, Bwana Loubière."

"Mto hauna mwenyewe. Mito ni ya Mungu, na Mungu amempa mfalme wa Ufaransa."

"Basi Mungu alisahau kuwapa hawa taarifa. Hapa aliyefungua njia ya biashara ndiye mwenye njia, yeye na ukoo wake. Ukipita bila ruhusa yake wanakunyang'anya mtumbwi na unarudi kwa miguu. Na hivyo viatu vyako, weee!"

"Mwenye njia ni nani?"

"Tarhonde."

"Mwite."

"Amekufa."

Gaspard akavuta pumzi. Toussaint akamweleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto kwa nini moto unaunguza. Tarhonde alizama kwenye maporomoko mwaka uliopita. Kwa Wawendati jina la mtu wa maana haliachwi likalala na maiti. Hutafutwa mwingine akapewa, na akishapewa yeye ndiye marehemu. Mpaka jina la Tarhonde liinuliwe, njia ya magharibi ilikuwa imefungwa, na hakuna mtu ambaye angeipita.

"Wa kuchagua ni mama yake, Oyenra. Wapwa wawili amewakataa. Mmoja mvivu, wa pili ana maneno mengi."

"Mimi je?" Gaspard aliuliza.

"Wewe una vyote viwili."

Lakini Oyenra alikuja kumtazama. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyoomba radhi. Akamshika mikono akaigeuza. "Mikono ya mtoto mchanga," alisema. Akamvuta ndevu. "Dubu mgonjwa." Kisha akamuuliza anakokwenda ni wapi hasa, na Gaspard, kupitia kwa Toussaint, akakiri kwamba hajui, ila lazima afike. Mama yule akamwachia ndevu.

"Tarhonde alikuwa hivyohivyo," alisema. "Huyu."

Toussaint alimvuta Gaspard pembeni. "Sikiliza, mheshimiwa. Jina hili si kofia, ukavaa asubuhi na jioni ukatundika. Ukipenda boga, penda na ua lake."

"Ni sherehe tu, Brichet. Mfalme wetu naye ana majina chungu nzima."

"Shauri yako."

Karamu ikafanyika. Samaki walipikwa, uji wa mahindi ukakorogwa na mafuta ya dubu, wazee wakahutubia mpaka mbwa wakalala. Gaspard alivishwa shingoni mkanda wa shanga za kombe, na mji mzima ukaita kwa sauti moja: Tarhonde! Gaspard hakuwa amewahi kuitwa na watu wengi namna ile. Kusema kweli hakuwa amewahi kuitwa hata na mmoja vizuri. Akasimama akatoa hotuba ndefu ya Kifaransa, akaupokea mji ule na misitu yake kwa niaba ya mfalme.

"Anasemaje?" wazee wakauliza.

"Anasema samaki ni watamu," akafasiri Toussaint. Hotuba ikapendwa sana.

Asubuhi yake mgunduzi aliamshwa kwa teke la ubavuni, si la chuki, la mtu mwenye haraka.

"Amka mwanangu," alisema Oyenra. "Nyavu zako zimeoza tangu ulipokufa."

Hapo ndipo ua la boga lilipochanua. Tarhonde alikuwa na nyavu, na nyavu zilitaka kufumwa. Tarhonde alikuwa na sehemu ya paa la nyumba ndefu, na gome la mti lililoliezeka lilivuja. Jirani mmoja alikuja kumkumbusha kwamba kabla hajafa aliahidi kumsaidia kukata miti ya shamba jipya. Mwingine alikuja kuendeleza ugomvi wa mbwa, akausimulia tangu mwanzo kwa uchungu, kisha akangoja ajibiwe. Mke peke yake ndiye hakudai chochote, kwa kuwa alishaolewa, na alipomwona Tarhonde mpya alimshukuru Mungu wake waziwazi.

"Mimi ni Gaspard Loubière!" alifoka siku moja, gome limemwangukia mguuni.

"Ulikuwa," Oyenra alisema, akimsaidia kuliinua. Jina lenyewe lilimshinda. Lugha yao haina sauti ya kufumba midomo, na alipojaribu lilitoka Gasaru. "Hilo la zamani halina kazi hapa. Shika huku."

Visigino vyekundu vilikuwa vya mbao nyepesi. Oyenra alivitazama wiki nzima, halafu siku moja Gaspard akavikuta vimetobolewa na kufungwa kwenye wavu, vinaelea ziwani pamoja na vyelezo vingine. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Toussaint alicheka hadi akakaa chini. Jioni ile ule wavu ulitoa samaki wengi kuliko nyavu zote, na Oyenra akamgawia mwanawe kichwa cha samaki mkubwa, sehemu ambayo mama Mwendati hampi mtu ovyo. Gaspard alikila amenuna. Akakimaliza.

Nyavu zilipopona na paa likazibwa, akaenda kudai haki yake. Yeye ndiye mwenye njia, na mwenye njia anataka kusafiri.

"Sawa," alisema Oyenra. "Twende."

"Sisi?"

"Mara ya mwisho nilikuacha uende peke yako, ukafa."

Wakaenda. Oyenra alikaa katikati ya mtumbwi na chungu chake, pale pale alipokuwa akikaa mgunduzi, na kazi yake ikawa kutazama. Gaspard alipewa kasia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; aliinama mpaka mgongo ukalia. Mbu walimla usoni. Penye maporomoko walibeba mtumbwi na mizigo nchi kavu, na bamba la shaba, ambalo La Rochelle lilionekana dogo, likawa zito kila kilima. "Litupe hilo," Oyenra alimwambia. "Au nipe nichomee samaki." Gaspard akalikumbatia.

Walifika kwenye maporomoko yale yaliyomuua Tarhonde. Hakuna aliyesema, lakini Gaspard alijua alipomwona Oyenra akisimama ukingoni. Alitia tumbaku kidogo majini kama sadaka. Kisha akamshika Gaspard shati kwa nyuma, akakunja kitambaa ngumini, na hakukiachia mpaka walipokwisha kuyapita maji yale na kelele yake ikawa haisikiki tena. Gaspard alitembea njia nzima ameshikwa hivyo, mtumbwi kichwani, na hakuthubutu kumwambia kwamba anamkaba.

Hatimaye miti ikafunguka na maji makubwa yakaonekana, hayana ng'ambo. Watu wa huko walikuwa Waanishinaabe, wabia wa biashara wa Tarhonde tangu zamani. Mzee wao Nigigoons alikuja mbio ufukweni, akasimama ghafla.

"Tulisikia Tarhonde amekufa."

"Alikufa," alisema Oyenra. "Ndiye huyu."

Nigigoons akamzunguka. "Amebadilika."

"Alipauka kidogo, si unajua tena maji."

"Na ndevu je?"

"Huko alikokuwa nani angemnyoa?"

Nigigoons akatosheka, akamkumbatia Gaspard kwa nguvu, akamwambia alimkosa sana, na kwamba ule wavu aliouahidi bado wanausubiri. Lakini Gaspard hakuwa akisikia. Alijitoa mikononi mwa mzee, akakimbilia majini na nguo zake, akapiga magoti, akachota kwa viganja vyote viwili, akanywa.

Akatema. Akasogea mbele zaidi, akanywa tena.

Yalikuwa matamu. Matamu kama ya kisima.

"Si ya chumvi," alisema.

"Chumvi?" Nigigoons aliwageukia wenzake. "Nani atie chumvi ziwani?"

"Si uliyaonja zamani?" Oyenra alimwita kutoka ufukweni. "Ulikuja nyumbani ukanambia ni matamu. Toka huko, utapata homa."

Gaspard hakula siku ile. Kesho yake asubuhi Toussaint akamfuata alipokuwa amekaa na bamba mapajani.

"Sasa unalilia nini? Pigilia tu. Nani atatoka Paris kuja kuonja? Kuna watu hapa wanapeleka manyoya Kebeki, wanashuka kwa mto mwingine, wanaondoka leo hii. Nimeongea nao, nafasi ipo. Unakwenda, unasema umeiona bahari, mimi shahidi wako. Mwakani jina lako liko kwenye ramani na baba yako analisoma kwa kidole."

Gaspard alitazama kule chini. Oyenra alikuwa amekaa juu ya jiwe, anafuma wavu wa Nigigoons, ule ambao Tarhonde aliuahidi.

"Na yeye?"

Toussaint naye akamtazama yule mama, safari hii bila mzaha. "Atamlilia tena mwanawe," alisema. "Wapo wanaofiwa mara mbili."

Gaspard akainuka. Kisha akachukua nyundo na misumari. Usimlaumu upesi. Mtu aliyeonyeshwa kidole utoto wake wote hawezi kulitupa jina lake kwa sababu ya kichwa cha samaki. Alipanda kilimani penye msonobari mkubwa unaolitazama ziwa, akaliweka bamba kifuani pa mti, akaanza kugonga.

Mlio wa nyundo ulisikika ufukwe mzima. Watu wakaacha kazi zao. Katika nchi ile, alama hupigwa kwenye mti karibu na maji kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kuna mtu amekufa. Wakaanza kupanda kilima polepole, wameinamisha vichwa, na mbele yao Oyenra, anahema, bado ameshika sindano ya wavu.

"Nani?" aliuliza. Lugha yake sasa Gaspard aliisikia bila mkalimani. "Hapo pameandikwa nani?"

"Gaspard Loubière," alijibu. "Ni kwamba..."

"Masikini. Ana mama?"

Gaspard aliishusha nyundo. "Mama yake alikufa siku aliyomzaa."

"Jina alikuwa akiitwa na nani basi?"

"Baba yake alikuwa..." Alinyoosha kidole, akamwonyesha. "Hivi."

"Nani alimlilia?"

Alitaka kusema jambo kubwa, kuhusu mfalme, na bahari, na China. Neno lililotoka lilikuwa dogo.

"Hakuna."

Oyenra alimtazama, na macho yale yasiyoomba radhi yakajaa. Kwamba mtu anaweza kufa bila hata mmoja wa kumlilia, hilo kwake halikuwa msiba tu, lilikuwa aibu ya dunia nzima. Akaweka chini sindano yake. Akafungua nywele. Akaketi chini ya msonobari, akaanza kulia kwa sauti, kilio kile kirefu cha Wawendati chenye maneno ndani yake.

"Gasaru! Gasaru mwana wa watu! Nani alikupikia? Nani alikufunika usiku?"

Wanawake wa Nigigoons wakapokea. Wanaume wakaketi. Nigigoons aliyachunguza yale mayungiyungi matatu akaitikia kwa kichwa. "Ukoo wa Maua," aliwaambia wenzake. "Nimewasikia. Wanakaa mbali." Akatuma ziletwe ngozi laini za kuwafuta machozi wafiwa, na lilipoulizwa swali la nani mfiwa, Oyenra alimwonyesha Gaspard, kwa mkono wote, si kwa kidole. "Tarhonde ndiye aliyemjua."

Kwa hiyo Gaspard Loubière alipewa pole za msiba wake mwenyewe. Zilikuwa ngozi nzuri sana.

"Kuna mwingine aliyemfahamu aseme neno," aliomba Nigigoons.

Toussaint alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Nilimfahamu," alisema. "Alikuwa mjinga, ila mbaya hakuwa. Hakupiga kasia." Hapo akavaa kofia yake akaivua tena, akaenda kusimama nyuma ya watu.

Gaspard alitaka kucheka. Alifungua kinywa acheke, na kilichotoka kilimshangaza yeye kuliko wote: alilia kama mtoto wa siku moja, kwa makamasi, kwa sauti, alimlilia yule mvulana wa mezani aliyengoja miaka yote aitwe. Chini ufukweni mitumbwi ya Kebeki ilikuwa inasukumwa majini. Mtu mmoja aliita kuuliza kama kuna anayekwenda. Aliisikia ile sauti, akaiacha ipite.

Oyenra alijifuta uso kwa mkono, akafunga nywele zake, akamfuta na yeye, kwa nguvu, hasa puani.

"Haya. Aliyekufa amekufa, na ameliliwa. Jua linapanda na nyavu hazijitegi."

"Naam, mama," alisema.

Alikuwa hajalitumia neno hilo maishani mwake, akaona halina ugumu wowote.

Ramani ilikuja kuchorwa, lakini baadaye sana, Oyenra mwenyewe ameshazikwa na kuliliwa inavyostahili. Alikuja nahodha mwingine kutoka Ufaransa, naye anaitafuta China, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Aliomba njia kwa mwenye njia, mzee wa ndevu nyeupe zilizovurugika, akapewa. Walipofika ziwani nahodha akaliona bamba, limeota kutu ya kijani, na alipouliza, wenyeji wakamwambia kwa heshima kwamba huyo alikufa hapa, alililiwa vizuri. Nahodha akavua kofia. Akachora kwenye ramani yake, kwa herufi kubwa: RASI YA KABURI LA LOUBIÈRE.

"Wewe mzee," alimuuliza mwenye njia walipokuwa wanarudi mtumbwini, kwa sauti ile watu wanayotumia kwa mtu wasiyetarajia aelewe. "Ulimjua huyu shujaa?"

"Kidogo," alijibu mzee, kwa Kifaransa cha La Rochelle, na nahodha karibu aanguke majini.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tarhonde alikitazama kile kiti cha mito alichojitandikia nahodha katikati ya mtumbwi. Akateremsha macho hadi kwenye viatu vyake, vya visigino vyekundu.

"Hakupiga kasia," alisema, akamtupia moja.